Aliyepiga Simu Halmashauri

Gogo lilianza kulia kabla Lesieli hajavua viatu vya kazini. Tu-tu, tu-tu, tu-tu, kutoka gerejini, kupitia ukutani, mpaka kijiko kikatetemeka ndani ya kikombe mezani. Alikuwa ametoka kukesha kwenye nyumba ya kulelea wazee, akiwageuza vitandani, akiwabadilisha, akiwabembeleza wale wanaoogopa giza, na asubuhi hiyo hakuwa na haja ya kitu kingine chochote duniani isipokuwa usingizi. Alisimama jikoni na mkoba begani, akamsikiliza wifi yake akichapa kazi.

Hakuna aliyeweza kumwita Pisila mvivu. Alikuwa amekuja kutoka visiwa vya Tonga kumwoza binti yake aliyekuwa akiishi upande wa pili wa jiji, na bibi harusi wa heshima haolewi hivi hivi bila ngatu, ile nguo pana ya magome ambayo hutandikwa akaikanyaga mbele ya watu. Wanawake wengi wa Kitonga mtaani kwao Mangere siku hizi hununua kitambaa cheupe dukani, wakakichora michoro, mambo yakaisha kimya kimya. Pisila alionyeshwa kitambaa hicho akakishika kwa ncha za vidole viwili, kama nepi iliyotumika. Yeye alitaka magome ya kweli, yaliyolowekwa ndooni na kupondwa kwa rungu juu ya gogo mpaka yalainike na kutanuka. Gogo lenyewe lilikuwa la marehemu mama yake, na lilitangulia kwa meli. Kijijini kwao lilikuwa likilazwa nje, juu ya mchanga, na sauti yake ikienda zake baharini. Hapa Auckland lililazwa juu ya saruji, chini ya bati, na sauti haikuwa na pa kwenda ila chumbani kwa Lesieli.

Mumewe, Pauliasi, alikuwa akifunga kamba za buti ili awahi zamu yake ya bohari.

"Mwambie dada yako awe anaanza mchana," Lesieli alisema. "Saa sita tu. Nipate usingizi hata wa kuku."

"Nimwambie mimi?"

"Ni dada yako."

"Ndiyo maana siwezi."

Na kweli hakuweza. Mwanamume wa Kitonga aliyelelewa akaleleka hamkosoi dada yake, wala hamkatalii kitu, wala hakai naye chumba kimoja wakapiga soga. Pisila akiingia sebuleni, Pauliasi huinuka akatoka, hata kama mechi ya raga imebaki dakika za mwisho. Wakitaka kuambiana jambo hulipitisha kwa Lesieli. Lesieli, mwambie dada chai iko tayari. Lesieli, mwambie kaka yangu nimesikia. Huyo huyo Pauliasi kwa watu wengine alikuwa domo tupu. Ndiye aliyeongoza sauti za chini kwenye kwaya ya kanisa, na sauti yake nzito yenye mkwaruzo, kama kabati linaloburutwa, ilijulikana na kila mtu kuanzia lango la kanisa mpaka sokoni.

"Basi nitamwambia mwenyewe," Lesieli alisema.

Pauliasi aliacha kamba za buti. "Usithubutu. Yule ni mtu wa heshima. Akikasirika yeye, umekasirika ukoo mzima. Wewe hapa ni mke, Lesieli. Vumilia, harusi iko karibu."

"Harusi iko karibu. Na kazi yangu je, iko karibu na nini?"

Pauliasi alimaliza kufunga kamba. Alimbusu utosini, akachukua kopo lake la chakula, akatokea mlango wa mbele ili asipite gerejini.

*

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza kuteleza. Alfajiri moja Lesieli alisinzia huku amemshikia mzee wa watu kijiko cha uji. Mzee hakuungua, ila uji ulimmwagikia shingoni, na binti yake aliyekuja kumwona asubuhi alikuta doa. Msimamizi hakugomba. Alimwita Lesieli ofisini, akafunga mlango taratibu, na huo utaratibu ndio uliomtia hofu.

"Kuna tatizo nyumbani?" msimamizi aliuliza.

"Kuna gogo."

"Gogo?"

"Wifi yangu anaponda magome. Asubuhi mpaka jioni."

"Hapo sijui nikuandikie nini," alisema. "Wewe ni mfanyakazi mzuri, Lesieli, lakini ikitokea tena sitaweza kukutetea. Nenda ukalale."

Ukalale. Kana kwamba alikuwa amekataa kulala. Njia nzima alilirudia neno hilo ndani ya gari na kila akilirudia lilimchoma zaidi. Mshahara wake ndio uliokuwa kodi ya nyumba. Wa Pauliasi ulikuwa chakula, kanisa na jamaa wa Tonga. Kazi ikienda, nyumba inaenda, na gogo litatafutiwa gereji nyingine.

Siku hiyo alipiga moyo konde akapitia gerejini. Pisila alikuwa ameketi chini nyuma ya gogo, mwanamke wa mwili na mikono ya kazi, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

"Wifi, pole na kazi," Lesieli alisema. "Nilikuwa nawaza, kwa nini usihamie ukumbi wa kanisa? Kule kuna nafasi, kuna hewa."

"Ukumbi una watoto wanacheza ngoma, una watu wa bingo." Rungu lilibaki juu. "Kwani nakusumbua?"

Lesieli alilitazama rungu. Maneno yalikuwa pale pale mdomoni, yamejipanga, na akayameza yote.

"Hapana, wifi. Ni kwa ajili yako tu."

"Mimi sijambo," Pisila alisema, na rungu likashuka.

*

Mtu wa halmashauri alikuja katikati ya wiki, mchana, Lesieli akiwa amelala bila kulala, mto juu ya masikio. Kilichomwinua ni gogo kunyamaza. Alijifunga kitenge akatoka, akamkuta kijana mpana wa Kisamoa mlangoni mwa gereji, amevaa koti lenye mistari inayong'aa na amevua viatu kwa adabu. Jina lake, alisema, ni Iosua.

"Samahani mama, kuna mtu amelalamikia kelele."

"Kelele gani?" Pisila aliuliza, rungu mkononi.

Iosua aliliangalia rungu, akaliangalia na gogo. "Nadhani ni hiyo."

"Hii ni kazi."

"Ndiyo, mama. Hata bibi yangu kwetu alikuwa anaponda. Lakini hapa ikizidi, na mtu akaendelea kulalamika, sheria inaniruhusu nichukue kinachopiga kelele. Kwa kawaida huwa ni redio."

"Utachukua gogo la mama yangu?"

"Sitaki kulichukua. Hata kulibeba sijui ningelibebaje. Punguzeni tu. Jumamosi ya wiki ijayo nitapita kuona."

"Nani amenishtaki?"

"Siruhusiwi kusema."

"Ni yule bibi kizee wa Kizungu hapo jirani."

"Siruhusiwi, mama. Simu niliipokea mwenyewe. Siku hizi tuko wachache, anayepokea ndiye anayetoka. Ninachoweza kukuambia ni kwamba aliyepiga hakutaka ugomvi. Aliniomba nije kwa upole, eti mama mwenyewe ni mtu wa heshima."

Kijana wa watu alidhani anapoza. Lesieli alimwona wifi yake akikunja uso, akiligeuza neno lile kichwani upande huu na upande huu.

Iosua hata hajamaliza kuondoa gari, Pisila alikwishafika kwenye ua wa Bibi Maureen. Bibi huyo alikuwa akipogoa mawaridi yake. Ilibidi aulizwe tena na tena, mwishowe akatoa kifaa cha kusikilizia mfukoni mwa aproni, akakipachika sikioni.

"Gogo gani, mpenzi?" aliuliza.

Pisila alirudi polepole. Alipita mbele ya Lesieli, akasimama, akamtazama kuanzia kitenge mpaka nywele zilizolaliwa.

"Mzungu hajui kama mimi ni mtu wa heshima," alisema. "Aliyesema hivyo ananijua."

*

Hakumtuhumu kwa mdomo. Ingekuwa kwa mdomo, Lesieli angepata pa kujibia. Jioni ile Lesieli alimpelekea sahani ya magimbi na samaki kama kawaida, na Pisila akasema ameshiba, kisha akaingia jikoni akajipikia katika kisufuria kidogo alichokiosha mara mbili kwanza. Tangu siku hiyo hakula tena kilichopitia mkononi mwa Lesieli. Kisufuria kilikaa pembeni ya jiko, kimefunikwa, na kila Lesieli alipokwenda kuchota maji alikiona.

Na hakuponda tena, siku kadhaa. Aliketi gerejini mlango ukiwa wazi, mikono mapajani, gogo mbele yake, ili kila apitaye barabarani aone alivyofanywa. Lesieli alipewa kimya alichokuwa akikililia, akashindwa kukitumia. Alilala chali akisikiliza. Alimsikia Pisila akizungumza na Tonga kwa simu, sauti imepandishwa kiasi cha kuvuka ukuta: "Ndiyo, serikalini. Mke wa kaka yangu huyo huyo. Nimepelekwa serikalini kama mwizi." Usingizi ukija, ulikuja na maneno hayo ndani yake, na aliamka amechoka kuliko alivyolala.

Ilifika mahali akajishuku mwenyewe. Mtu asiyelala hufanya mambo asiyoyajua. Aliwahi kutia chumvi kwenye chai, aliwahi kuendesha gari mpaka kazini siku yake ya mapumziko. Alichukua simu yake akapekua namba zote alizopiga, moja moja. Halmashauri haikuwamo. Alifurahi kwa muda mfupi tu, kwa sababu swali lilibaki pale pale. Yeye hakupiga. Bibi Maureen hakupiga. Watoto wake na Pauliasi walikwishahamia Brisbane na familia zao. Sasa ni nani ndani ya Mangere nzima aliyejali usingizi wake?

Jumapili kanisani, kina mama walikuwa wamekusanyika nyuma wakipanga chakula cha harusi. Lesieli aliposogea, mazungumzo yaligeuka yakawa ya mvua. Mama mmoja wa kwaya alimrushia aproni.

"Wewe kaoshe vyombo, Lesieli," alisema. "Huku kwetu kuna kelele."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Pisila hakucheka. Alikuwa anatazama dirishani, kama mtu ambaye hayo hayamhusu. Lesieli aliosha vyombo. Kwenye mlango wa jikoni alimwona Pauliasi amesimama na kitabu cha nyimbo kwapani, na alijua kwamba amesikia, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndani ya gari alimgeukia.

"Umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Na hukusema neno."

"Ningesema nini?"

"Kwamba mkeo hakupiga simu. Au na wewe unaamini nilipiga?"

"Hapana," alijibu upesi. "Najua hukupiga."

"Unajuaje?"

Pauliasi aliwasha vifuta kioo. Mvua haikuwapo. Vikakwaruza kioo kikavu, akavizima.

"Nakujua wewe, basi," alisema.

Lesieli aliangalia mbele. Aliolewa na mtu huyu akiwa msichana, na hakuwahi kumwona akikosea swichi ya gari lake.

*

Jumatatu Pisila alirudi gogoni; harusi isingesubiri mtu anune mpaka atosheke. Safari hii alilipandisha juu ya magodoro mawili ya zamani, na mlio ukawa mzito, wa chini, lakini ulikuwapo. Jumamosi, siku ya Iosua kurudi, aliamua kulipigania kwa magodoro na kwa chakula. Tangu asubuhi oveni ilikuwa na lu, majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo kwa tui la nazi, na harufu yake ilifika mpaka barabarani. Mtu hawezi kumnyang'anya mwenzake kitu hali mdomo una mafuta ya chakula chake. Pisila aliyajua hayo kabla halmashauri haijaundwa.

Lesieli alikuwa ametoka kazini, hajalala. Alikuwa akitandika mkeka uani huku Pauliasi akiosha gari na kufanyia mazoezi nyimbo za kesho. Sauti yake ilijaa ua mzima. Alikuwa katikati ya ubeti gari la halmashauri lilipokata kona. Sauti ikakatika, kama bomba lililofungwa.

"Habari za asubuhi, baba," Iosua alisema.

Pauliasi aliweka mkono kooni, akatikisa kichwa, akatoa tabasamu la mgonjwa.

"Lesieli," Pisila aliita kutoka gerejini, "kaka yangu ana nini?"

"Sijui, wifi. Sasa hivi alikuwa anaimba."

Iosua alikagua magodoro, akamwomba Pisila aponde kidogo, akasimama kwenye ua wa Bibi Maureen na kipimo chake, akarudi akisema afadhali, afadhali sana. Kisha akatoa kifaa kingine kama simu kubwa na kuomba radhi. Ofisi yake, alisema, ilitaka kujua kelele zinavyowafanya watu waridhike au wasiridhike na maisha, na walitumwa kuuliza kila nyumba wanayotembelea.

"Kwa jumla, mama, unaridhika na maisha yako kiasi gani? Sifuri mpaka kumi."

"Kumi," Pisila alisema. "Na uandike kwamba ilikuwa kumi na mbili kabla hujaja."

"Na wewe, baba?"

Pauliasi alionyesha vidole vinane.

"Pole na koo. Nane. Na kelele zinakusumbua?"

Pauliasi alitikisa vidole vile huku na huko, ishara ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa hapana.

"Na wewe, mama?"

"Niulize nikishalala," Lesieli alisema.

Iosua alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Lesieli alikuwa akivitazama vile vidole vinane ambavyo mumewe alikuwa bado hajavishusha. Mtu huyu aliongea na wakusanya takataka. Aliongea na mashine ya kulipia maegesho. Ni kitu gani alichokiogopa kwa kijana huyu, zaidi ya kijana kumsikia? Simu niliipokea mwenyewe. Mtu wa heshima. Najua hukupiga. Mambo yote yalijipanga mstari mmoja. Hasira ilikuja baadaye kidogo. Kwanza lilikuja jambo baya kuliko hasira: aliona aibu kwa ajili ya mumewe.

*

Walikaa uani. Pisila alikaa mahali pa juu pa mkeka, mgeni kando yake, na Pauliasi akajitenga karibu na uzio, ubavu akiwa amewageuzia, kama inavyompasa ndugu wa kiume. Lu ilifunguliwa, mvuke ukapanda.

"Lesieli, mwambie kaka yangu atuombee chakula," Pisila alisema.

Pauliasi aligusa koo lake. Kisha akanyoosha kidole kwa Lesieli: omba wewe.

Lingekuwa jambo jepesi kwa Lesieli. Maneno machache, amina, watu wale. Iosua angepanda gari lake, gogo lingebaki, na lawama ingebaki na yeye mpaka harusini, na baada ya harusi ingepanda ndege kwenda Tonga, ikasimuliwa kwenye misiba na watu ambao hawajawahi kumwona. Yule mke aliyemshtaki wifi yake. Pauliasi alikuwa anajua hivyo. Alikuwa amenyoosha kidole huku anajua.

"Mwenye nyumba yupo," Lesieli alisema. "Sijawahi kuombea chakula mume wangu akiwa mkekani, na leo tuna mgeni."

"Koo linamuuma," Iosua alisema kwa huruma.

"Mungu hachagui sauti."

Pauliasi alimtazama. Macho yalimsihi, macho yale yale aliyoyapenda tangu ujana, na huruma ilimjia Lesieli, ikakaa naye kidogo, akaiacha ipite. Watu waliinamisha vichwa. Pauliasi alianza kunong'ona.

"Lesieli," Pisila alisema, "mwambie kaka yangu sisikii kitu. Anamwombea nani?"

Pauliasi alikohoa. Alianza upya, chini chini, akimshukuru Mungu kwa siku na kwa chakula. Lakini mwanakwaya wa miaka mingi hawezi kumwita Mungu kwa kunong'ona. Alipofika kwa wasafiri na kwa wageni, sauti ilikuwa imeshamponyoka yote, na mkwaruzo wake wote, ikavuka ua na kufika kwenye mawaridi ya Bibi Maureen. Lesieli hakufumba macho. Alimwona Iosua akiinua kichwa polepole, akamtazama Pauliasi, akamtazama yeye Lesieli, halafu upesi akarudisha macho kwenye magimbi. Na alipogeuka, Lesieli aliona kwamba Pisila naye hakuwa amefumba.

"Amina," Pauliasi alisema.

Hakuna aliyegusa chakula.

"Kijana," Pisila alisema. "Mbona umemtazama kaka yangu hivyo?"

"Hapana, mama."

"Nimekuona."

"Kazi yetu ni kusikiliza watu kwenye simu, mama, unazoea sauti za..." Akanyoosha mkono akachukua kipande cha gimbi. "Chakula kinanukia vizuri," alisema kwa unyonge.

Pisila aliweka mikono yake mapajani. Lesieli alingoja ghadhabu, na ghadhabu haikuja. Uso wa wifi yake ulikuwa umelegea, wa mtu mzima aliyegundua kwamba ndugu yake wa tumbo moja aliona heri amwendee mgeni kuliko kumwambia yeye neno.

"Lesieli," alisema taratibu, "mwambie kaka yangu kwamba angesema neno moja tu, ningelihamisha gogo siku ile ile."

Pauliasi hakugeuka. "Lesieli, mwambie dada kwamba mtu hawezi kumwambia dada yake neno kama hilo. Na umwambie nilikuwa namtafutia mke wangu usingizi."

"Ukanitafutia aibu," Lesieli alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kanisani niliambiwa nikaoshe vyombo, ulisikia. Nyumbani kwangu sufuria iliwekwa pembeni kana kwamba mimi ni mchawi, uliona. Ulikaa, ukala, ukalala usingizi pembeni yangu. Na wewe, wifi, hukuniuliza. Siku zote hizi hukuniuliza hata mara moja."

"Lesieli, mwambie..." wote wawili walianza kwa pamoja, wakakatana.

"Ambianeni wenyewe," alisema, akainuka. "Mimi nimekesha, nakwenda kulala. Wewe kula, mwanangu Iosua, huna kosa."

Aliingia ndani, akavuta pazia la chumbani, akajilaza na nguo zake za kazi. Nje palikuwa kimya. Kilikuwa kimya kirefu hata akajuta, akaweka mguu mmoja chini ili atoke akawatengenezee mambo, kama alivyofanya tangu aolewe. Ndipo alipomsikia Pisila.

"Pauliasi," Pisila alisema. Hakusema kaka yangu. Alisema Pauliasi.

Akamsikia mumewe akijibu. Mwanzoni walizungumza kwa kujikwaa, watu wanaojaribu lugha ambayo hawajawahi kuisema. Kisha sauti zikapanda. Ilikuwa simu, ikawa harusi, ikawa maziko ya mama yao ambayo Pauliasi hakuwahi kufika, na nani alisema nini wakati nani hayupo. Pisila alilia huku akisema, Pauliasi aliunguruma mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Gari la Iosua liliwashwa likarudi nyuma. Bibi Maureen aliuliza kutoka upande wa pili wa uzio kama kila mtu yuko salama, na hakupata jibu. Gogo lingelia wiki nzima lisifikie kelele ile.

Lesieli alirudisha mguu kitandani. Aliwasikiliza kidogo, neno hili na lile, mpaka maneno yakaanza kumpotea. Hakuna aliyemwita kupeleka jibu kwa mwenzake, na akalala.